Namna ya Kuitoa Narung'ombe Ndani ya Palm

Karani wa sensa alipobisha hodi Agosti 2022 alikuwa na kishikwambi mkononi, na wengi walikiona kuwa kitu kipya: hakuna karatasi, hakuna kalamu, jibu linaguswa kwenye kioo na kazi imekwisha. Lakini katika baadhi ya vijiji vya Nachingwea na Ruangwa, mtu mwenye kumbukumbu nzuri angeweza kumwambia karani yule, mwanangu, haya tulishayaona. Miaka 18 kabla ya hapo, Julai na Agosti 2004, wadadisi walipita katika wilaya hizo mbili, na vilevile Lindi Vijijini, Newala na Tandahimba, wakiwa na kidude kinachoenea kiganjani, chenye kijiti cha kuandikia na kioo kidogo cha mraba. Kiliitwa Palm m130, na hilo jina Palm maana yake ndiyo hiyo hiyo, kiganja.

Utafiti ulikuwa wa kituo cha utafiti wa afya cha Ifakara, ambacho leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, pamoja na washirika wake. Walitaka kujua hali ya kaya na watoto kabla ya kuanza mpango wa kuwapa watoto wachanga dawa ya SP ya kuwakinga na malaria pale wanapoletwa kliniki kuchanjwa. Wadadisi walikuwa 112. Karibu wote elimu yao haikuvuka kidato cha nne, na waliowahi kushika kompyuta walikuwa wa kuhesabika. Waligawanywa katika timu 13, kila timu na msimamizi wake, gari lake na kompyuta mpakato yake. Kwa muda wa wiki 7 walipita kaya 21,600 zenye watu 83,346. Nchi iliyopiga marufuku kuingiza kompyuta mwaka 1974 ilikuwa na vijana wa kidato cha nne, miaka 30 baadaye, wakikatiza chini ya mikorosho na kompyuta mfukoni.

Swali ninaloletewa mara kwa mara na wapenzi wa mashine za zamani ni hili: nimeiwasha kompyuta ya zamani ndani ya kompyuta yangu mpya, kila kitu naona kinafanya kazi, sasa faili lililomo mle ndani nalitoaje? Au kinyume chake, ninalo faili hapa nje, naliingizaje? Wengi hutarajia nitawatajia kitufe kimoja. Kitufe kipo na nitakitaja, ila hicho ndicho kipande chepesi. Ugumu uko kwingine, na sijapata mfano wa kuuonyesha ulio bora kuliko kazi ile ya kusini. Palm ya mwaka 2004 leo ni mashine ya kale. Kampuni yake ilinunuliwa na HP mwaka 2010, na mwaka uliofuata HP ikaacha kabisa kutengeneza vifaa vya Palm. Anayetaka kuliona dodoso la wadadisi wale likifunguka tena kiooni hana njia nyepesi kuliko emuleta.

Emuleta ni programu inayojifanya mashine nyingine. Kijana anayecheza mpira wa PPSSPP kwenye simu yake akisubiri basi stendi ya Nachingwea anaitumia kila siku bila kuijua kwa jina hilo: simu inajifanya PSP, mashine ya michezo ya Sony, na mchezo unaamini kwamba uko kwao. Kijana huyo ameshafanya pia kazi ya kuhamisha mafaili. Alirushiwa faili la ISO na rafiki yake, akaliweka kwenye folda, kisha akaielekeza PPSSPP kwenye folda hiyo. Kwa mashine ya kuigiza, lile faili ni diski iliyochomekwa. Kwa kompyuta za DOS mambo ni hayo hayo. Emuleta iitwayo DOSBox unaipa amri ya mount na jina la folda, na folda iliyomo kwenye kompyuta yako ya leo inageuka kuwa diski C ya mashine ya mwaka 1990. Ukiweka kitu upande huu, kinaonekana upande ule. Kwa mwenye mashine za aina hiyo, makala ingeweza kuishia hapa.

Palm ni ngumu kwa sababu haina mafaili.

Sikukosea kuandika. Ndani ya Palm za enzi ile hakuna folda wala faili kwa maana tuliyoizoea. Kuna kumbukumbu, megabaiti 8 tu kwa m130, ambazo picha mbili tatu za simu ya leo zingezijaza, na ndani ya kumbukumbu hiyo kuna hifadhidata. Kila kitu ni hifadhidata: orodha ya namba za simu, kalenda, hata programu zenyewe. Hifadhidata ina rekodi, kama daftari lenye mistari, na rekodi moja haifiki ukubwa wa kilobaiti 64. Dodoso la mwaka 2004 lilitengenezwa kwa programu ya Pendragon Forms 4.0. Kwa hiyo kaya moja ya Nachingwea, pamoja na orodha ya wakazi wake, uzazi wa akina mama na homa za watoto, haikuwa faili. Ilikuwa rekodi kadhaa zilizochanganyika na rekodi za majirani, zote zikiishi kwenye kumbukumbu inayopumua kwa umeme wa betri.

Betri ikikata roho, kumbukumbu inafutika. Haisubiri uende kuchaji ukarudi. Palm inaamka tupu kama siku ilipotoka kiwandani, inakuomba uguse kioo kupima shabaha ya kijiti, na jana yako haipo tena.

Sasa ipeleke mashine ya tabia hiyo kwenye vijiji ambavyo nguzo za umeme zilikuwa bado hazijafika. Ripoti ya kazi ile, iliyoandikwa na Kizito Shirima na wenzake na kuchapishwa mwaka 2007 katika jarida la Emerging Themes in Epidemiology, inaeleza walivyofanya. Palm na kompyuta mpakato zilichajiwa kwa sola na kwa chaja za ndani ya gari. Mdadisi akimaliza sehemu moja tu ya dodoso, kabla hata hajamaliza kaya, data zilinakiliwa kwenye kadi ya kumbukumbu iliyochomekwa ndani ya Palm. Jioni zikashushwa kwenye kompyuta mpakato ya timu. Kisha data za kila timu zikachomwa kwenye sidii, kila siku. Nimejaribu kupiga hesabu: timu 13 kwa wiki 7, hata tukiwapumzisha Jumapili zote, ni sidii zaidi ya 500. Ripoti inasema hawakupoteza data.

Wengine husoma habari hiyo na kuona ni uangalifu wa kupita kiasi. Mimi naona ni watu waliojua wameshika nini. Kadi ya kumbukumbu haihitaji umeme ili ikumbuke, na ndiyo maana kadi ilikuwa kituo cha kwanza, si cha mwisho. Pia kuna jambo jingine waliloliweka ambalo mtu anayecheza na emuleta angefaa kuliiga: mdadisi akishaondoka kwenye kaya, rekodi haikuweza kurekebishwa tena. Data zilitiririka upande mmoja, kutoka kiganjani kwenda mpakatoni, kama mto Lukuledi unavyokwenda baharini. Hakukuwa na njia ya kurudi nyuma na kuharibu.

Tuseme basi kwamba una kadi ya Palm ya miaka ile, au Palm nzima iliyokaa kabatini, na unataka kuona kilichomo. Kama ni Palm yenyewe, usiichaji kwa matumaini kwamba data zitafufuka. Zilishakufa. Tafuta kadi, au kompyuta iliyokuwa ikipokea data zake. Kama kadi ina kiswichi kidogo ubavuni cha kuzuia kuandikwa, kisogeze kwanza, kisha uichomeke kwenye kompyuta na kuinakili yote kuwa faili moja la taswira, baiti kwa baiti. Kuanzia hapo kadi inarudi kwenye bahasha na unafanya kazi na taswira peke yake. Nimeona watu wakichomeka kadi za zamani kwenye kompyuta bila kugusa kile kiswichi, na kompyuta, kwa heshima zake zote, inaandika vijifaili vyake mle ndani kabla hata hujafungua folda.

Palm ambayo betri yake haikuwahi kukata roho bado inaweza kuunganishwa na kompyuta ya leo, ila si kwa njia iliyokuja nayo kwenye boksi. Programu ya HotSync iliyokuwa ikiunganisha Palm na Windows ilitegemea viendeshi vya USB vya mfumo wa biti 32, na Windows ya biti 64 haivikubali. Wenye Linux wana pilot-link, ambayo huchota hifadhidata zote za Palm kwa amri moja. Wasio na Linux huwasha Windows XP ndani ya kompyuta ya kuigiza.

Emuleta ya kwanza ya Palm iliandikwa na Greg Hewgill mwaka 1996, akaiita Copilot. Kampuni yenyewe ikaichukua, ikaikuza, ikawa Palm OS Emulator, ambayo watu wanaifupisha kuwa POSE. Siku hizi iko CloudpilotEmu, mjukuu wa POSE, ambayo hufanya kazi ndani ya kivinjari cha intaneti hata kwenye simu janja. Zote zinataka kitu kimoja kabla hazijaamka: ROM, yaani nakala ya programu ya msingi iliyokaa kwenye chipu ya Palm halisi. Hakimiliki ya ROM ni ya kampuni, kwa hiyo njia safi ni kuinakili kutoka kwenye Palm unayoimiliki.

Emuleta ikishaamka, kuingiza kitu ni kuliburuta faili na kuliachia juu ya kioo. Faili linaloishia na .prc ni programu, linaloishia na .pdb ni hifadhidata. Kutoa, kwa POSE, ni kuchagua hifadhidata kwa jina na kuagiza itolewe, nayo inatoka ikiwa faili la .pdb. Hicho ndicho kile kitufe nilichoahidi. Njia ya pili ni kadi: POSE inaweza kuigeuza folda ya kompyuta yako ionekane ndani ya Palm kama kadi ya kumbukumbu, na CloudpilotEmu inapokea taswira ya kadi nzima, ile uliyoinakili juzi. Kwa kesi yetu naipenda njia hii ya kadi kuliko zote, maana inarudia safari ambayo data zilipita siku ile ile zilipozaliwa.

Njia ya tatu ni HotSync yenyewe, na naomba uiache. HotSync si kunakili, ni kupatanisha. Kila rekodi ya Palm ina alama ndogo inayosema kama imeguswa tangu mapatano ya mwisho, na nyingine inayosema kama imefutwa. Rekodi iliyofutwa haiondoki papo hapo, inabaki na alama yake ikisubiri kompyuta ijulishwe. HotSync husoma alama hizo pande zote mbili kisha inaamua nani mkweli. Ukiwasha Palm mpya tupu ndani ya emuleta na kuipatanisha na kompyuta yenye data za zamani, unawapa watu wawili wasiofahamiana kazi ya kugawana urithi. Ukirudi unaweza kukuta rekodi mara mbili mbili, au usizikute kabisa.

Kuna mtego mwingine unaowanasa wengi. Emuleta nyingi zina uwezo wa kuhifadhi hali ya mashine nzima ili kesho uendelee pale ulipoishia. Watu huiona ile ndiyo nakala ya akiba. Siyo. Ni picha ya kumbukumbu yote, herufi, programu na takataka pamoja, ambayo kwa kawaida haisomeki na kitu kingine isipokuwa emuleta iliyoipiga. Emuleta ikibadilika au ikipotea, umebaki na kasha lisilo na ufunguo. Toa hifadhidata zenyewe.

Haya, .pdb iko nje sasa, imelala kwenye folda ya kompyuta yako. Kazi ndiyo inaanza.

Faili la .pdb lina kichwa cha baiti 78. Baiti 32 za kwanza ni jina. Zinafuata alama kadhaa, tarehe tatu, aina ya hifadhidata na programu iliyoiumba, na mwishoni mwa kichwa baiti mbili zinazosema rekodi ziko ngapi. Chini yake kuna orodha, baiti 8 kwa kila rekodi, inayoonyesha kila moja inaanzia wapi. Muundo ni mwepesi, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuandika programu ya kuusoma. Halafu anasoma zile baiti mbili na kupata jibu lisilo sahihi.

Sababu ni mpangilio. Kichakato cha Palm hizo ni Dragonball cha Motorola, ambacho huandika namba kuanzia baiti kubwa kwenda ndogo, kama sisi tunavyoandika mamia, makumi, mamoja. Vichakato vya Intel vilivyomo kwenye kompyuta nyingi huanzia ndogo, kama Mwarabu anayesema moja na ishirini. Chukua hiyo 21,600. Kwa baiti ni 84 na 96, maana 84 mara 256 ujumlishe 96 ndiyo 21,600. Mashine ya Intel ikizisoma baiti hizo kwa desturi yake bila kuambiwa, itaanza na 96: mara 256, ujumlishe 84, ni 24,660. Kaya 3,060 zimezaliwa bila posa wala mahari. Ubaya wa kosa hili ni kwamba 24,660 inaonekana namba ya kawaida kabisa. Ingetoka milioni nane mtu angeshtuka.

Tarehe ni shida ya namna nyingine, na sisi tunaosema Kiswahili tuna bahati ya kuielewa kabla ya kuelezwa. Saa moja asubuhi kwetu ni saa saba kwa Mzungu. Hakuna aliyekosea. Sisi tunaanza kuhesabu jua linapochomoza, yeye usiku wa manane, na tofauti ni saa sita kila siku. Palm huhesabu sekunde kuanzia tarehe 1 Januari 1904. Linux na sehemu kubwa ya intaneti huanza tarehe 1 Januari 1970. Tofauti ni miaka 66, au sekunde 2,082,844,800. Hifadhidata iliyoumbwa Julai 2004, ikisomwa bila kuondoa tofauti hiyo, itadai imeumbwa 2070. Programu nyingine, zinazoichukulia namba kubwa mno kuwa ni hasi, zitasema 1934. Nachingwea ya mwaka 1934 ilikuwa bado haijaona hata trekta la mradi wa karanga wa Waingereza.

Hilo la 1904 linatatuliwa kwa kutoa namba moja. Lisilotatulika ni la mkono wa binadamu. Palm ni kifaa cha Kimarekani, na Mmarekani huandika mwezi kwanza. Kama dodoso linatoa tarehe kwa maandishi, 07/08/2004 ni tarehe 7 Agosti au ni tarehe 8 Julai? Kwa utafiti mwingine ungeweza kusema moja haiwezekani. Huu ulifanyika Julai na Agosti, kwa hiyo zote mbili zinawezekana, na wilaya mbili tofauti zinaweza kudai timu ile ile siku ile ile. Dawa ni kutafuta siku yoyote inayovuka 12 katika safu hiyo. Ukikuta 07/25/2004 umeshajua nani aliandika.

Maandishi nayo. Hapa Kiswahili kinatupa nafuu ambayo Mfaransa hana. Herufi zetu hazina vikofia wala vinukta, zote ziko katika orodha ya kwanza kabisa ya herufi za kompyuta, ile ya alama 128, na mashine zote tulizozitaja hapa zinakubaliana juu yake. Faili la Kiswahili linaweza kutoka DOS likapita Palm likafika kwenye simu yako bila kujeruhiwa. Isipokuwa kwa alama moja.

Wilayani Ruangwa kuna kata ya Narung'ombe. Vitabu vya Vita Kuu ya Kwanza vinavyosimulia mapigano ya Julai 1917 huiandika Narungombe, bila ile alama katikati, na hadi leo utaiona kwa namna zote mbili. Alama hiyo ndiyo inayotenganisha ng' ya ng'ombe na ng ya ngoma, na ndiyo inayokufa njiani. Ikiandikwa iliyonyooka, kama ya taipureta, ni alama ya 39 na haina tabu. Lakini programu za ofisi hupenda kuipinda zenyewe, ionekane maridadi, na iliyopinda kwa mfumo uliotumiwa na Palm na Windows za zamani ni baiti 146. Ukilisoma faili hilo kwa UTF-8, ambao ndio mfumo wa leo, baiti 146 peke yake haina maana, na mahali pake panatokea alama ya kuuliza ndani ya umbo jeusi la almasi. Ukienda kinyume, yaani maandishi ya UTF-8 yakisomwa kwa mfumo wa zamani, alama moja inageuka tatu na kata inapata jina ambalo hata Mmwera wa huko huko haliwezi.

Kisha kuna wataalamu wa hifadhidata, ambao kwao ile iliyonyooka ndiyo hatari. Katika lugha ya SQL alama hiyo ndiyo inayofunga neno. Programu iliyoandikwa kivivu ikikutana na Narung'ombe inadhani jina limeishia Narung, inakuta ombe haijulikani ni nini, na inasimama. Wapo wanaoitatua kwa kuifuta alama kote. Mimi sikubaliani nao. Ukifuta umeokoa programu na umeharibu jina la watu. Libadilishe kila umbo liwe moja, lililonyooka, na programu ifundishwe kulipokea.

Kimebaki kitu ambacho hakimo ndani ya baiti hata kidogo. Nachingwea kuna kata inaitwa Stesheni. Reli iliyoipa jina ililetwa na mradi wa karanga wa Waingereza, ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na vyuma vyake vikang'olewa. Jina limebaki, kitu hakipo, na mtoto anayezaliwa pale leo anahitaji mtu wa kumweleza. Data za dodoso ndivyo zilivyo. Ili kuokoa nafasi katika zile megabaiti 8, na ili mdadisi aguse badala ya kuandika, majibu mengi hubaki kama namba. Rekodi inasema 3. Tatu ni kisima kilichofunikwa, au ni mto, au ni mama amekataa kujibu? Maana imo kwenye dodoso, na kwenye Palm dodoso limehifadhiwa kando na majibu. Anayetoa hifadhidata ya majibu peke yake ametoka na stesheni bila reli. Toa zote mbili, na hapo ndipo emuleta inapolipa gharama yake: ukilifungua dodoso ndani ya Palm ya kuigiza unaona kwa macho yako alichokiona mdadisi, maneno aliyosoma, mpangilio wa maswali, na swali lipi liliruka kwenda wapi baada ya jibu lipi. Faili la namba haliwezi kukuonyesha hilo.

Upande wa kompyuta mpakato, Pendragon iliziweka data kwenye Microsoft Access. Kama toleo lilikuwa la Access 97, ujue kwamba Access tangu ya mwaka 2013 hazilifungui tena. Kuna programu ya bure, mdbtools, inayosoma mafaili hayo kwenye Linux na kutoa kila jedwali kuwa CSV, maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato. CSV ni mbaya kwa sura, lakini itafunguka hata baada ya sisi kuondoka.

Tahadhari moja ambayo si ya kiufundi. Dodoso la afya ya kaya lina vifo vya watoto vya mama fulani, mwaka kwa mwaka. Hata kama kadi imeokotwa, si mali ya aliyeiokota. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na kabla ya sheria kulikuwa na aibu. Anayetaka kujifunza mbinu hizi atengeneze dodoso lake, alijaze majina ya kubuni, aliingize kwenye emuleta, alitoe, na ahesabu alichopoteza njiani.

Kuhesabu ndiko nilikoacha mwisho kwa makusudi. Timu za 2004 zilitoa muhtasari kila siku kwenye kompyuta mpakato ili kuona kama data zimetimia, na muhtasari kama huo, ukiupata umechapwa kwenye karatasi, una thamani kuliko emuleta zote tatu za Palm nilizozitaja. Linganisha idadi ya rekodi zilizomo kwenye kichwa cha .pdb, idadi ya mistari ya CSV, na idadi iliyoandikwa kwenye karatasi. Zikitofautiana kwa chache, tafuta zile rekodi zilizofutwa zikabaki na alama. Zikitofautiana kwa elfu tatu, rudi kwenye mpangilio wa baiti. Zikilingana, bado usiifute taswira ya kadi. Chapa orodha ya kata zote kama zilivyotokea kwenye data, umpe mtu wa Ruangwa aisome kwa sauti. Akifika kwenye Narung'ombe, akasoma, akasogea mstari mmoja chini na kuisoma tena, mwambie asimame hapo hapo.